Albamu ya Remmy Ongala iliyosifiwa na wasiomwelewa

Korosho zilikuwa zimeshaanikwa, mnada ulikuwa unasubiriwa, na mazungumzo yote ya jioni pale Nkowe, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, yalikuwa ya bei. Mjomba wangu alikuwa amekaa mkekani chini ya mkorosho pamoja na wazee wenzake wawili. Nikawaamkia, nikatoa simu na kispika kidogo, nikawaambia nimekuja kuwaomba msaada wa kikazi.

"Nataka mnisikilizie Remmy."

"Remmy yupi?"

"Ongala."

Mjomba akacheka. "Huyo hatuhitaji kusikilizishwa, mpwa. Weka."

Niliweka Songs for the Poor Man, albamu ambayo Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila waliitoa mwaka 1989 kupitia kampuni ya Real World ya Uingereza. Kwa wanaofuatilia muziki wa Afrika kutoka Ulaya na Marekani, hii ni moja ya albamu kuu za Tanzania, na wengi wao hawaijui nyingine. Kila inapoandikwa orodha ya kazi bora za Afrika Mashariki, jina lake halikosekani. Mimi mwenyewe nimeisifu katika maandishi yangu zaidi ya mara moja. Lakini sikuwahi kuisikiliza pamoja na watu waliomjua Remmy kabla Ulaya haijamjua, watu waliompata kwa redio ya betri, katika mkoa ambao bendi za Dar es Salaam zilifika kwa nadra.

Swali nililokwenda nalo Nkowe ni hili: je, albamu hii inastahili jina kubwa ililonalo? Jibu nililorudi nalo ni kwamba inastahili, ila sifa zake zimetolewa na watu walioshika nusu tu ya kitu. Waliokuwa na albamu mkononi hawakuwa na lugha. Waliokuwa na lugha hawakuwahi kuishika albamu. Hukumu ya haki inataka nusu hizo mbili zikae mkeka mmoja.

Kutoka Kindu hadi Box

Remmy alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki mwa Kongo, katika nchi ya Maniema. Kiswahili kilifika huko katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyotoka pwani yetu, kikabaki baada ya misafara kwisha. Kwa hiyo Remmy alipoingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, hakuja kujifunza Kiswahili. Alikuja na Kiswahili kilichokwenda bara zamani na sasa kilikuwa kinarudi nyumbani, kikiwa na lafudhi nyingine, sentensi fupi, na ujasiri wa kutojali sana upatanisho wa sarufi. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu ndipo ilipo siri ya utunzi wake.

Baada ya Makassy alihamia Orchestra Matimila, ambayo baadaye ikawa Super Matimila. Matimila ni jina la kijiji cha huku kusini, upande wa Songea. Nilipowaambia wazee hilo, mmoja alisema kumbe muda wote walikuwa wanasikiliza bendi yao.

Jambo la kuzingatia ni aina ya bendi. Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa na bendi za namna mbili. Kulikuwa na bendi za mashirika na jumuiya: NUTA Jazz ya wafanyakazi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na baadaye kuitwa JUWATA, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, na Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978 na kisha kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Wanamuziki wa bendi hizi walikuwa na mishahara, na walitarajiwa kuimba pia siasa za Chama kilichotawala. Namna ya pili ni bendi za watu binafsi, ambamo mwenye vyombo ndiye mwajiri na wanamuziki wanakula kwa kiingilio cha mlangoni. Matimila ilikuwa ya namna hii ya pili. Haikuwa na mshahara wa uhakika, lakini pia haikuwa na katibu wa kuidhinisha mashairi. Remmy aliweza kuimba juu ya anayeonewa bila kumtaja anayefaa kushukuriwa.

Mwaka 1988 Remmy na wenzake walialikwa Ulaya na WOMAD, tamasha ambalo mwanamuziki Peter Gabriel alikuwa mmoja wa waasisi wake. Mwaka uliofuata Gabriel na wenzake walizindua Real World, yenye studio katika kijiji cha Box, kaunti ya Wiltshire, Uingereza. Songs for the Poor Man ilikuwa miongoni mwa matoleo ya mwanzo kabisa ya kampuni hiyo, mwaka uleule ilipotoa Babeti Soukous ya Tabu Ley wa Kongo na Shahen-Shah ya Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan. Hapo sifa ilipata mlango mpana. Albamu hii haikuingia sokoni peke yake. Ilibebwa na kampuni mpya yenye jina maarufu nyuma yake, wakati Ulaya ilikuwa imeanza kiu ya muziki wa nchi nyingine. Bendi nyingi za Tanzania zilizopiga vizuri sawasawa na Matimila hazikupata mlango huo. Hilo halipunguzi thamani ya albamu, lakini linatufundisha kutochanganya ubora wa kazi na upana wa njia iliyopitia.

Kipimo cha albamu ni cha nani?

Wapenzi wa muziki wa Magharibi wanaposema "albamu bora" wana kitu maalumu akilini. Tangu Sgt. Pepper ya Beatles mwaka 1967, albamu kwao ni kazi moja nzima: nyimbo zimepangwa kwa makusudi, kuna mwanzo na mwisho, na msikilizaji anakaa chini dakika arobaini kuifuata kama anavyofuata riwaya. Kipimo hicho ni halali kwa kazi zilizotungwa kwa ajili yake.

Muziki wetu wa dansi haukutungwa hivyo. Wimbo ulizaliwa mazoezini, ukapelekwa ukumbini, ukapimwa na miguu ya wachezaji. Uliokubalika ulipelekwa kurekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambako bendi nzima iliingia studio na kupiga kwa pamoja. Kanda ilibaki redioni, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya kurushwa hewani. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, tena kwa muundo wa wimbo mmoja kila upande, na wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Hata Mbaraka Mwinshehe, mpigaji gitaa mkubwa kuliko wote tuliopata kuwa nao, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, anajulikana kwa wengi kupitia mfululizo wa Ukumbusho, yaani santuri za mkusanyo zilizotolewa baada ya kifo chake.

Kwa hiyo Mtanzania wa mwaka 1989 hakuwa na albamu. Alikuwa na nyimbo. Zilimjia mmojammoja kutoka redioni, katikati ya taarifa ya habari na salamu za wasikilizaji, na alizipanga mwenyewe kichwani. Huku kusini hali hiyo ilikuwa kali zaidi. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yalivushwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakishika, barabara ya Lindi ilikuwa haipitiki kwa wiki nyingi. Bara hapakuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Wazee wa Nkowe hawakumwona Remmy akicheza, hawakuziona nywele zake zilizosokotwa, hawakuuona ukumbi ukimwitikia. Walikuwa na sauti tu.

Kwa upande mmoja, basi, wanafanana na msikilizaji wa London aliyenunua albamu dukani: wote wawili walihukumu kwa sikio. Tofauti yao ni moja. Yule wa London alisikia sauti ya mtu anayelalamika kwa uzuri. Yule wa Nkowe alisikia analalamika nini.

Mnyonge siye maskini

Hapa ndipo ninapoona kosa la kwanza katika namna albamu hii ilivyosifiwa, na kosa lenyewe limeandikwa kwenye jalada. Jina lake la Kiingereza linamtaja maskini. Nyimbo zenyewe zinamtaja mnyonge. Kuna wimbo uitwao Sauti ya Mnyonge, na kabla yake Remmy alikuwa na mwingine ulioitwa Mnyonge Hana Haki. Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba maneno haya mawili si pacha. Maskini ni aliyekosa mali. Mnyonge ni aliyekosa nguvu ya kujitetea. Mtu anaweza kuwa na shamba la mikorosho mia mbili akawa mnyonge, na anaweza kuwa hana kitu akawa si mnyonge, kwa kuwa ana watu. Methali yetu haimzungumzii maskini. Inasema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Zaidi ya hapo, neno hilo lilikuwa na historia ya karibu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliutaja unyonge wetu kuwa ndiyo sababu ya kuonewa na kunyonywa, na likaahidi kuukomesha. Miaka ishirini baadaye, katikati ya uhaba wa sabuni na sukari, baada ya vita vya Kagera na baada ya serikali kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, Remmy alisimama jukwaani akalitamka neno lilelile kwa nafsi ya kwanza. Kila aliyemsikia alijua kinachosemwa: ahadi ilitolewa kwa jina letu, na sisi bado tuko hapa. Hakuhitaji kuitukana serikali. Neno lilikuwa tayari limeshiba maana.

Ukiligeuza kuwa umaskini, unabaki na huruma. Msikilizaji wa mbali anamwona mtu mwema anayeimbia wasio nacho, anaguswa, anapiga makofi. Dai la haki limepotea njiani.

Pale mkekani niliushuhudia uzito wa neno hilo. Sauti ya Mnyonge ulipoanza, mazungumzo ya bei yalikatika. Ulipokwisha yalirudi, lakini yalirudi kwa njia nyingine: sasa walizungumza habari za kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi. Nani analazimika kuuza korosho zikiwa bado maua kwa sababu mtoto anaumwa au anatakiwa shule, na nani ananunua kwa kipimo chake mwenyewe akijua kwamba muuzaji hana pa kwenda. Hakuna aliyesema kuwa wimbo ule ni wa kale. Waliuchukua kama mtu achukuavyo jembe lililokuwa limeegeshwa ukutani na kuendelea kulima. Kwangu huo ni ushahidi wa ubora kuliko orodha yoyote ya wakosoaji: wimbo uliotungwa mjini katika miaka ya themanini na mtu wa Kindu unafafanua soko la korosho la Ruangwa leo, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa.

Hapa narudi kwenye Kiswahili chake. Watunzi wakubwa wa wakati ule waliandika kwa ufundi wa kishairi. Marijani Rajab alisimulia kisa kwa mpangilio wa hadithi. Watunzi wa Mlimani Park, Muhiddin Maalim Gurumo akiwa mmoja wa viongozi wao, walificha mafumbo ambayo mji mzima ulikesha ukiyafumbua. Remmy hakufumba. Alisema jambo, akalirudia, akauliza swali, akaliacha. Muziki Asili Yake Wapi ni swali tangu kwenye jina. Kipenda Roho ni nusu ya methali ambayo kila mtu anaweza kuimalizia. Lugha yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na jirani dirishani, na lafudhi ya Maniema iliifanya isifanane na ya redio wala ya shule. Aliuita mtindo wake ubongo, muziki wa kichwani, na jina hilo alilistahili. Wachezaji walicheza, lakini walirudi nyumbani na swali.

Upigaji na kazi ya studio

Nusu ya pili ya hukumu ni muziki wenyewe, na hapa wasikilizaji wa Ulaya hawakuwa na upungufu, kwa kuwa gitaa halihitaji mkalimani.

Super Matimila haikutegemea tarumbeta na saksafoni kama bendi nyingi za wakati ule. Uti wa mgongo wake ni magitaa. Gitaa la solo linazungumza juu, la pili linalijibu, la rizimu linashona katikati, na besi haifuati tu, inajibu pia. Chini yao kuna drams na tumba, na ndipo mwendo unapopata ladha ya pwani, ulegevu fulani wa viuno ambao rumba ya Kinshasa haina. Katika albamu hii unaweza kufuata kila gitaa peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, na kila moja lina hadithi kamili. Katika kanda za RTD jambo hilo ni gumu, kwani vipaza sauti vilikuwa vichache na vyombo viliingia pamoja kama watu wanaopita mlango mmoja. Kwa mwanafunzi wa gitaa, albamu ya Box ni darasa. Kwa mtu anayetaka kujua dansi ya Tanzania iliundwaje, ni kama kuifungua saa na kuona magurudumu yake.

Lakini usafi huo una gharama, na aliyeitaja ni mjomba. Baada ya nyimbo tatu aliniuliza: "Hawa walipiga chumba kimoja?"

Nilimuuliza kwa nini anasema hivyo. Akasema zamani redioni alikuwa anasikia watu wanasukumana.

Amenena kitu ambacho nimekitafutia maneno kwa miaka. Katika kanda za RTD kuna msukumano. Mwimbaji anapandisha, mpiga tumba anamwona, anapandisha naye, solo anaingia mapema kwa sababu hakuvumilia, na wimbo unafika kwenye chemko ukiwa umeshapata moto njiani. Katika albamu kila kitu kinafika kwa wakati wake. Chemko lipo, vidole vipo, ila joto limepimwa. Dansi ni muziki wa kubishana kati ya bendi na ukumbi, na hapa ukumbi haupo. Wimbo ambao ukumbini ungeweza kurefushwa kadiri wachezaji walivyotaka, studio inauamulia mwisho.

Nyingi ya nyimbo hizi zilikuwa zimeshapigwa nyumbani kabla ya kupelekwa Uingereza. Kwa hiyo tunachosikia si kuzaliwa kwa nyimbo. Ni nyimbo zilizokomaa zikipigwa picha ya studio, mwanga ukiwa umepangwa vizuri, nguo zikiwa zimenyooshwa. Picha ya namna hiyo ni ya kutunza. Hata hivyo, aliyemfahamu mwenye picha akiwa anatembea atakwambia kuna kitu hakimo.

Palipo na udhaifu

Albamu yenye jina kubwa ichunguzwe bila woga, na hii ina sehemu zinazolegea. Nyimbo zake zinazomwita mwanamke kwa jina, kama Karola na Mariam Wangu, zinafuata njia ambayo dansi yetu ilikuwa imeshaipita mara nyingi, tangu Georgina ya Safari Trippers hadi Zuwena ya Marijani. Ni tamu, zinapigwa vizuri, lakini hapo Remmy ni mmoja kati ya wengi. Anapozungumza juu ya haki, juu ya kifo, juu ya mtu anayedharauliwa, hana mwenzake.

Udhaifu wa pili ni wa kile kisichokuwemo. Atakayeishika albamu hii peke yake hatampata Remmy aliyelia kwa ajili ya mwanamke asiyepata mtoto katika Nalilia Mwana, wala aliyewashambulia wasengenyaji katika Ndumilakuwili. Hatampata Remmy wa Mambo kwa Soksi, wimbo wa mwaka 1990 uliohimiza kondomu wakati ukimwi ukiua watu na wengi wakinong'ona tu. Redio ya taifa haikukubali kuupiga, na bado watu waliujua kwa kuupata ukumbini na kwenye kaseti. Huo ndio upana wa mtunzi huyu. Albamu moja haiwezi kuubeba, na hakuna aliyeitaka iubebe isipokuwa wale wanaoiita kilele chake.

Tatu, sifa ya albamu hii imewafunika wenzake. Msomaji wa orodha za Ulaya anaweza kuamini kwamba Tanzania ya miaka ya themanini ilikuwa na sauti moja tu. Jambo kama hilo liliipata Cuba miaka michache baadaye: Buena Vista Social Club ya mwaka 1997 ilikuwa nzuri kweli, na kwa uzuri wake ikawafanya wengi wadhani wameshaijua Cuba nzima. Hapa kwetu mitindo ya Sikinde ya Mlimani Park na Msondo ya JUWATA ilikuwa inachuana usiku kwa usiku, Vijana Jazz walikuwa na watu wao, na Marijani alikuwa Jabali la Muziki kwa haki yake. Utunzi wa Mlimani Park, kwa hesabu yangu, una kina cha lugha ambacho Remmy hakukifikia wala hakukitafuta. Hawakuitwa Box. Kazi zao bora zilibaki katika kanda za redio.

Hukumu

Nikiweka pamoja nusu mbili, ninaamua hivi.

Kama swali ni iwapo Songs for the Poor Man ni kazi kubwa ya muziki wa Afrika Mashariki, jibu ni ndiyo bila kusita. Maneno yake yamesimama zaidi ya miaka thelathini na bado yanakata. Upigaji wake ni wa kiwango cha juu kabisa, na hakuna rekodi nyingine ya dansi ya zama zile inayotuonyesha kazi ya magitaa kwa uwazi huo. Studio nzuri haikumharibu Remmy. Hakubadilisha lugha ya nyimbo hizi ili apendwe, wala hakupunguza ukali. Alikwenda Wiltshire akaimba kama mtu wa Sinza, mtaani kwake Dar es Salaam.

Kama swali ni iwapo ni kazi bora kuliko zote za Remmy, jibu langu ni hapana. Remmy bora yumo katika kanda alizorekodi nyumbani, katika nyimbo zilizotungwa ili zieleweke usiku uleule na watu waliolipa kiingilio kwa shida. Albamu ya Box ni mlango mzuri wa kuingilia kwake. Ajabu ni kuwaona watu wakisimama mlangoni miaka yote hiyo na kuusifia ubao wake.

Na kama swali ni iwapo ni kilele cha muziki wa dansi wa Tanzania, hapo nitasema bado hatuna haki ya kujibu. Hatuwezi kukijua kilele cha mlima ambao sehemu yake kubwa imefunikwa na wingu. Kanda za RTD, ambazo leo ziko mikononi mwa shirika la utangazaji la taifa, TBC, zimebeba miongo ya muziki wa nchi hii. Baadhi zimesikika, baadhi zimevuja mitaani bila ruhusa ya mtu, na nyingi hazijawahi kumfikia msikilizaji kwa sauti safi na kwa majina kamili ya waliopiga. Wanamuziki wengi wa zama hizo wameshafariki. Remmy mwenyewe alituacha tarehe 13 Desemba 2010. Kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy hadi leo, na kila siku watu wanalitaja jina lake kwa kondakta, wengine bila kujua alikuwa nani.

Ombi langu kwa wenye dhamana ya kanda hizo ni la wazi: zisafisheni, ziandikeni majina ya watunzi na wapigaji, zitoeni kwa utaratibu utakaowalipa wao au warithi wao kama sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inavyotaka. Kazi ya Remmy ilipata nafasi ya kuhukumiwa na dunia kwa sababu kuna watu walioirekodi vizuri wakaiweka dukani. Gurumo, Marijani na wengine wanadai nafasi hiyohiyo, na hawaidai kwa wageni. Wanaidai kwetu.

Kwako msomaji nina jambo dogo zaidi. Itafute albamu hii, kisha usiisikilize peke yako. Ipeleke kwa mzee aliyekuwa na redio miaka ile, Nkowe au popote ulipo, mwekee Sauti ya Mnyonge, halafu unyamaze umsikilize yeye.

Jioni ile simu yangu ilizimika chaji kabla albamu haijaisha. Wazee watatu waliendelea na wimbo uliobaki wenyewe, kiitikio na ubeti, hadi mwisho.